Malkia Asiyelindwa

Lukresia alikuwa na duka la vitambaa Mukendo, mjini Musoma, na waliomfahamu walisema hata salamu huipima kwanza ndipo aitikie. Zamani, alipokuwa akinunua sato kule Bukima, aliwahi kuuziwa tenga lenye samaki wazuri juu, chini wote wameoza. Tangu hapo hakununua kitu bila kukigeuza.

Sataranji alifundishwa na marehemu mumewe. Baadaye akajiunga na klabu ya mjini, nayo ndiyo iliyompeleka kwenye mashindano ya Bunda. Huko akapangwa na Wanzagi, mfugaji wa Butiama mwenye sauti ya chini.

"Karibu mama. Mimi leo najifunza tu kwako."

Anayejifunza hasafiri mpaka Bunda, Lukresia akajisemea.

Mchezo ulikwenda sawa kwa sawa hadi Wanzagi alipomsogeza malkia wake mahali ambapo farasi wa Lukresia angeweza kumla. Hakuna kete iliyomlinda. Lukresia akainua mkono, akaurudisha. Malkia wa bure? Akatafuta mtego kona kwa kona. Hakuuona, na kutouona ndiko kulikomtisha. Wanzagi akajifuta jasho. Lukresia akalitilia shaka hata hilo jasho. Muda wake kwenye saa ya mchezo ukazidi kuyoyoma, na mwishowe akasogeza askari wa pembeni.

Upesi Wanzagi akamwondoa malkia wake hatarini. Kutoka hapo Lukresia akawa anacheza mbio mbio, saa inamkimbiza, hadi mfalme wake akabanwa, hana pa kutokea.

Wakapeana mikono.

"Mama, mbona hukumla malkia wangu?"

"Nimle ili unifanyeje?"

"Nikufanyeje? Nilikosea! Nikichokaga sioni vizuri. Moyo ulitaka kunitoka."

Lukresia akamtazama usoni, asipate kitu.

Waliporudi Musoma, Flora, mwenzake wa klabu, alimkuta dukani ameutandaza ubao juu ya vitambaa. Lukresia alimla malkia kwa farasi, akajaribu kila jibu ambalo Wanzagi angeweza kulitoa. Kila mara yeye ndiye aliyeshinda. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Si unaona? Alikosea kweli, dada," Flora akasema.

"Au anataka niamini hivyo, tukikutana tena nimle."

Lukresia akazipanga kete upya, akamvutia Flora kiti.

"Kaa. Wewe uwe Wanzagi."