Siku Kinu ya Bibi Ilinyamaza

Wapendwa, acheni kwanza vyenye munafanya. Hii habari inaniwasha ulimi.

Siku ya posho, Jumamosi, nilishinda vita na kinu.

Kinu ya kutwangia sombe, majani ya muhogo, ndiyo. Na ndani hamukuwa hata jani moja.

Musicheke, nieleze.

Kuko jeu moja, muchezo ya bure mu telefone: watu tatu wanapigana na watu tatu, kila upande na ngome yake. Wapiganaji wote wametoka mu katuni za Wajapani: nywele za bulu, macho kama sahani. Jina sitaitaja, wasije wakanifungia konti. Muji yetu ya Kindu nzima imeshikwa. Hata pa institut yetu, profesa anaandika ubaoni, nyuma watu wanapigana.

Mupiganaji wangu ni binti mwenye mwavuli. Namuita Shangazi, juu ana kiburi. Nimemulea miaka, bila kumununulia hata kiatu.

Sasa, ugomvi ni mi njo niliuanza. Pale wachezaji wanaandika mawazo yao juu ya jeu, nikaweka nyota moja: "Bure ya uongo. Mwenye kununua silaha njo anashinda. Sisi wengine tuko nyama yake."

Kidogo tu, jibu. Ni Arsène, kijana wa parsele yenye iko nyuma ya fensi ya bibi yangu, mwenye ananunua kila kitu:

"Nyota tano. Jeu iko sawa. Mwenye hajui kucheza njo analia. Ramla, enda utwange sombe."

Enda nini?

Nikamujibu palepale: "Kuja posho, kwa bibi yangu. Ekipe yako ya watu tatu, ekipe yangu. Mwenye kushindwa anafuta mupiganaji wake mbele ya watu."

Watu wakajaza vicheko chini yake. Nikasema kwa roho: ayi, Shangazi wangu, nimekuuza.

Bibi Mwavita, mama ya mama yangu, akauliza kelele ni ya nini. Nikamueleza: ni vita, lakini ya bure. Mutu akikufa, anangoja kidogo, anarudi.

"Anarudi?"

"Anarudi, bibi."

"Bila njaa? Bila kukimbia na mutoto kumugongo?" Akasonya. "Hiyo si vita, mukewenza. Vita ya bure haiko."

Ananiitaga mukewenza, juu babu alisemaga mi njo muke wake mudogo.

Posho ikafika. Tulichezea kwa bibi sababu kwake kuko pano ya jua ya kuchaji telefone, na rezo inashika. Mikeka mbili, tumepeana migongo, hakuna kuchungulia telefone ya mwenzako. Lakini ukisema mupango kwa sauti, wengine wanasikia. Basi wote kimya. Huku mi na marafiki yangu, Nathalie na Ange. Kule Arsène na marafiki yake wawili.

Bibi akaleta kinu, akaisimamisha nyuma ya Arsène. Tu! Tu! Tu!

"Bibi, unatusumbua," Arsène akasema.

"Ulitaka ule nini, bwana yangu? Nyota zako tano?"

Tulianza vibaya. Arsène anajificha mu majani na panga yake ya kununua, tukipita tu, anatukata. Tena. Na tena. Ngome yetu ikabakia kidogo ianguke.

"Mwavuli inanukia kaburi!" akaimba.

Nikapeleka Shangazi ku daraja. Kinu ikanyamaza.

Gafla tu.

Mwili yangu njo ilielewa mbele ya kichwa. Hii hadithi tuliinyonya na maziwa: wakati ya vita, mama yangu angali binti, wamama wa avenue yetu walitwanga kila siku, hata kama hakuna kitu ya kutwanga. Muchi ikilia, njia iko safi. Ikinyamaza, watu wa bunduki wanakuja, mabinti wote wajifiche mu mihogo!

Na bibi alikuwa nyuma ya Arsène, anaona kioo yake. Nikageuza Shangazi. Arsène akaruka toka mu majani, akakata hewa.

"Eh!"

Tu! Tu! Tu! Nikamupita nyuma.

Nathalie akanikanyaga muguu. Ameelewa. Ange naye. Kinu inanyamaza, tunajificha. Kinu inalia, tunatoka. Arsène anatafuta watu kama kuku mwenye kupoteza vifaranga. Jasho inamutoka.

Ngome yao ikaanguka. Vigelegele!

"Mumeiba!" Arsène anazunguka mukeka. "Nani ameona? Nani amesema?"

Hakuna mwenye alisema. Bibi anaangalia mbingu.

"Futa," nikamuambia. "Mbele ya watu."

Kidole yake ikafika ku kioo.

Hapo fensi ya nyuma ikasukumwa. Akaingia Koko Victorine, bibi ya Arsène. Majani ya muhogo mu nywele, muzigo umefungwa kumugongo, kiatu muguu moja.

"Mwavita! Wanatokea wapi?"

"Nani, dada?"

"Kinu inanyamaza, nakimbia mihogoni. Inalia, natoka. Inanyamaza, narudi! Magoti yangu, Mwavita! Niambie, wako upande gani?"

Arsène akaangalia koko yake. Akaangalia bibi yangu. Akainuka, akachungulia mu kinu.

"Hamuna kitu," akasema polepole.

Bibi akacheka mupaka akakaa chini. Koko, alipoelewa, akamupiga na kiatu, akacheka naye. Halafu sijui nani aliacha wa kwanza. Wakashikana mikono, hawacheki tena. Koko alikuwa hajafungua muzigo.

Tukazima telefone wote. Sikumuomba tena mutu afute kitu.

Koko njo akakata maneno: "Mechi imekufa. Lakini mi nimekimbia, niko na njaa. Ramla, chuma sombe. Arsène, twanga."

Nikamupatia muchi na mikono yote mbili, kama zawadi. Wapendwa, ule kijana anatwanga vibaya! Nyota moja.

Magaribi nikarudia mawazo yangu juu ya jeu, nikabadilisha: "Nyota mbili. Bibi anasema vita ya bure haiko. Kama wewe unacheza bure, ujue kuko mwenye alishalipa."

Arsène akaweka chini yake alama ya kidole juu.

Na ukipita avenue yetu ukutane mutu anatwanga, usimusimamishe kwa salamu. Muache amalize. Nyuma ya fensi kuko mwenye anasikiliza.