Siku Mama Aliposema Barazani

Tulikuwa tukiishi kambini, kwenye shamba la mzungu upande wa Ainabkoi, ambako baba alilima kwa plau ya ng'ombe. Mama ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani. Sauti yake ilifika mpaka zizini.

Msimu mmoja jirani yetu alifia njiani akipelekwa Eldoret kujifungua. Walikuwa wamembeba kwa machela, na lori la shamba likawapita na magunia ya ngano. Baada ya mazishi wanawake wa kambi walikuja kwetu.

"Wewe huogopi kusikika," walimwambia Mama. "Utusemee."

DO, yaani afisa wa wilaya, alipokuja barazani, wanaume waliongea juu ya posho na malisho. Kisha Mama akasimama kule nyuma tulikokuwa tumekaa kwenye nyasi. Aliomba jambo moja tu: mwanamke akizidiwa na uchungu, lori limpeleke hospitali.

DO aliwageukia wanaume.

"Bwana wa huyu mama ni nani?"

Baba akainua mkono, macho chini. Mama akawatazama wanawake wenzake. Kila mmoja alikuwa aking'oa nyasi kwa vidole kama mtu mwenye kazi nyingi.

Wiki haikuisha, mzungu akamwambia baba hataki mtu aliyeshindwa kutawala nyumba yake. Tukahamia Eldoret na vitu tulivyoweza kubeba. Hakuna aliyekuja kutuaga. Mavuno yaliyofuata tukasikia kwamba lori sasa linabeba wajawazito. Mhubiri wa kule shambani ndiye aliyeomba, walisema, na alishukuriwa mbele ya kanisa zima.

Baba alimkataza Mama kufungua mdomo mbele ya watu. Hakumkataza kuimba, lakini Mama hakuanzisha wimbo tena.

Nilipomaliza shule ya misheni, hospitali ilikuwa ikitafuta wasichana wa kufundishwa uuguzi. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Baba hakufikiri hata kidogo.

"Utaolewa," alisema.

Nilimgeukia Mama, aliyekuwa akichambua maharagwe.

"Mama, sema kitu."

"Nilishasema," akanijibu, bila kuinua kichwa.

Niliolewa mahali paitwapo Ziwa kabla ya mvua kuanza. Asubuhi ya harusi Mama aliniosha miguu, akanipaka mafuta, akanifunga kitambaa kichwani. Alifanya yote polepole, vizuri kabisa, na hakuniambia neno.