Jina Haliitwi Ufukweni

Nilipokuwa mtoto kule Mwamgongo, bibi alitukataza kuitana majina ufukweni. Ziwa lina masikio, alisema; likishalisikia jina lako litakuita lenyewe, nawe utakwenda. Kwa hiyo kwenye maanikio ya dagaa wanawake waliitana "mwenzangu", na sisi watoto tulipigiana miluzi.

Miaka hiyo wakimbizi walikuwa wakivuka kutoka Burundi. Mmoja wao, Konsolata, alifikia kwa shangazi yake, jirani yetu. Mwanawe mchanga alikuwa amemfia botini. Hakula, hakulala, hakusema. Alitazama maji tu. Kijiji kikaamua kwamba ziwa limeshamchukua.

Aliyemtembelea ni Mama Salome, mhudumu wa afya wa kijiji. Angeleta vidonge tungemwelewa. Lakini alikuja mikono mitupu, akakaa naye mkekani wakichambua dagaa, akamuuliza kama amelala, akaondoka. Kesho yake akarudi vilevile.

"Mwana wanje, mwanangu, mganga asiye na dawa haji kutoa," bibi aliniambia. "Anakuja kuchukua."

Nilimwamini. Nilikuwa nikichungulia uani nione Mama Salome anaficha nini kwenye khanga yake, na kwa kuwa sikuona kitu, nikazidi kumshuku.

Mchana mmoja Konsolata aliingia majini na nguo zake, taratibu, mpaka kiunoni. Ufukwe ulikuwa umejaa watu. Tulipiga miluzi, tukapiga makofi, mtu akagonga sufuria. Hakugeuka. Vijana wa mitumbwi walisita, kwani nani angemfuata mtu aliyeitwa na ziwa? Ndipo Mama Salome akaja mbio, akaingia majini na viatu vyake.

"Konsolata," aliita. "Konsolata, njoo tumalizie dagaa."

Bibi aliniziba masikio, lakini nilisikia. Konsolata akageuka, akaanza kulia, wakatoka wameshikana.

Bibi hakuridhika. Ziwa limesikia, alisema, linangoja tu. Akaendelea kumtazama Mama Salome kwa jicho la pembeni.

Miaka mingi baadaye nilijifungua, nikawa siwezi hata kumtazama mwanangu. Bibi ndiye aliyeagiza Mama Salome aitwe, kisha akakaa mlangoni kumlinda asichukue kitu. Siku moja niliponyoka peke yangu hadi ufukweni. Nyuma yangu nikasikia sauti ya kizee ikiniita kwa jina, mara nyingi, mbele ya ziwa zima.

Sidhani bibi alikuwa ameacha kuamini. Aliliogopa ziwa kama zamani, na bado aliniita.