Nyumba Niliyoikagua Koridoni

Kazi yangu ni tiba kwa vitendo. Wengi hawaijui, shemeji yangu huwaambia watu kwamba mimi ni mtu wa kukanda misuli. Ninachofanya ni kumfundisha mtu aliyepooza kuvaa kwa mkono mmoja, kunawa, kusonga ugali, kuingia chooni bila kuanguka. Na kabla mgonjwa hajaruhusiwa, natakiwa niende nikaione kwa macho yangu nyumba anakorudi. Hiyo si hisani. Imo katika maadili tuliyoapia, na anayeandika ameona asichokiona anaweza kunyang'anywa leseni.

Mgonjwa wangu mmoja alikuwa mama mkulima wa njegere na karoti kutoka Mgeta. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, tukahangaika naye wiki sita hospitalini mjini Morogoro. Alikuwa mkaidi kama mimi, ndiyo maana tulipendana. Siku alipofunga kanga peke yake kwa mkono wa kushoto, alinitazama kana kwamba ni mimi niliyekuwa nimemchelewesha.

Ulikuwa msimu wa masika. Gari la hospitali lilikuwa gereji, barabara ya mlimani inateleza, na benchi langu limejaa wagonjwa. Nikamwita mumewe koridoni, nikamuuliza, "Mzee, nyumba yenu ikoje?" Akanijibu kwa adabu kwamba iko kando ya barabara ya malori, uwanja ni tambarare, choo hakiko mbali. Nikajaza fomu. Palipoulizwa kama nyumba imekaguliwa, nikatia alama ya vema na sahihi yangu. Nilijiambia kwamba kuuliza nako ni kuona. Uongo mtupu, na niliujua wakati wino haujakauka.

Nimeishi Kilakala, hapa mjini, miaka tisa, nakula mboga za Waluguru wa Mgeta kila siku, lakini sikujua jambo ambalo mtoto yeyote wa Mgeta angeniambia. Nyumba niliyoelezwa ilikuwa ya mume. Ukoo wao ni wa upande wa mama, na mwanamke yule aliporuhusiwa, ndugu zake walimchukua wakamuuguze kwao. Mzee alijibu swali nililomuuliza. Sikumuuliza mgonjwa atalala wapi.

Kwa mama yake ni juu kabisa, gari halifiki. Kutoka mlangoni hadi chooni kuna ngazi zilizochongwa kwenye udongo. Wiki ya pili, baada ya mvua, aliteleza akavunjika mkono. Ule wa kushoto, uliokuwa mzima.

Walipomrudisha, mkuu wa kitengo alifungua faili mbele ya kitanda chake. "Imeandikwa ulikwenda. Ulikwenda mwenyewe?"

Kabla sijafungua mdomo, mzee akadakia. "Alikuja, daktari. Tulimpa na chai."

Mkuu akafunga faili, amefarijika. Mama aliutazama mkono wake uliofungwa hogo la plasta. Nami nikauacha uongo ule upite.

Nilimfuata mzee nje. "Mzee wangu, kwa nini umesema vile?"

"Mwanangu, wewe ulimshika vizuri mke wangu. Una watoto. Yaishe."

Kama angenitukana ningepumua. Siku tatu nilijitia hamnazo, nikipita wodini haraka haraka na makaratasi mkononi. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yangu ilikuwa imetandikwa vizuri. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuniuliza tena. Nilijichukia, na bado nilikuwa nahesabu namna ya kupona.

Siku ya nne asubuhi muuguzi alikuwa na kazi nyingi, akanipa bakuli la uji nimlishe mama. Mikono yake yote miwili ilikuwa imelala juu ya shuka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikapeleka kijiko, akafunga mdomo.

"Hiyo chai yetu," akasema taratibu, "ilikuwa na tangawizi?"

Nikarudisha kijiko bakulini. Nilitaka kulia, nikaona aibu kumlilia mtu asiyeweza hata kujifuta machozi yake.

"Sikuinywa, mama. Sikufika kwenu."

"Najua. Ungefika, mama yangu angeniambia." Akanigeuzia uso. "Mume wangu hajawahi kusema uongo mbele ya watu. Nenda ukamtoe huko ulikomwingiza."

Kisha akafungua mdomo. Nikamlisha mpaka bakuli likaisha, nikamfuta kidevu, nikaenda kwa mkuu kumwambia nilivyofanya. Akanipa karatasi niandike yote.

Barua yangu iko kwa baraza linalotoa leseni, nami nimesimamishwa kazi. Mama ameruhusiwa, na juzi nilipanda kwao kwa miguu. Ngazi za kwenda chooni ni kumi na saba. Mama yake mzazi ndiye anayemfunga kanga.