Mama, Viatu na Mraba wa Sita kwa Sita

Mimi hasira zangu ziko karibu, na mamangu ndiye aliyejua kuziita hata bila kupandisha sauti. Miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa na studio ndogo mjini, ghorofa ya pili, nyuma ya River Road. Wenzangu walishaanza kununua kamera za dijitali. Mimi nilishikilia yangu ya filamu ya roli, nzito kama tofali, ile unayoichungulia kutoka juu ukiwa umeiegemeza tumboni. Raha yake ilikuwa kisanduku cha filamu kinachobandikwa nyuma. Nilikuwa navyo viwili. Kimoja kilitoa picha za mraba, sentimita sita kwa sita, kumi na mbili kwa roli. Kingine kilitoa sita kwa nne na nusu, ukapata kumi na sita. Unachomeka kibati chembamba cha kuzuia mwanga, unabandua hiki, unabandika kile, na filamu haiharibiki. Kwa ubahili wangu, cha mraba kilikaa kabatini hata mwezi mzima.

Mama alikuwa na ploti kule mtaa wa Satellite, Riruta, vyumba vinane vya mabati vya kupangisha alivyojenga kimoja kimoja kwa kuuza mboga Dagoretti. Picha yake ya pekee ilikuwa ya kitambulisho, na humo alitoka kama mtu aliyekamatwa. Hilo lilinikera sana. Mtoto anapiga maharusi wa watu kila wikendi, mamake hana picha! Nilitaka uso wake, mkubwa, ukutani, akiwa bado ana nguvu zake.

"Sawa, baba," akasema. Mimi ndiye niliyepewa jina la babake, kwa hiyo aliniita baba tangu nikiwa mchanga. "Lakini nitoke mzima. Viatu vionekane. Na nyumba. Na tangi la maji."

"Mama, ukitaka hayo yote uso utakuwa kama punje ya mahindi."

"Uso wangu naujua."

Tulibishana mpaka chai ikapoa na wapangaji wakatoka nje kusikiliza. Mwishowe nikajiambia, mtoto akililia wembe mpe. Nikabandika kile kisanduku cha mraba. Mraba una nafasi: unapiga vyote, halafu ukifika mjini unakata unachotaka. Ilikuwa Jumamosi saa mbili asubuhi, jua liko mgongoni mwangu. Mama akasimama mbele ya vyumba vyake na koti la kanisani, viatu vimeng'arishwa.

"Vinaonekana?"

"Vinaonekana, mama."

Sikudanganya. Kwenye kioo cha kamera vilionekana.

Filamu iliposafishwa nikachora alama kuzunguka kichwa na mabega, nikamwambia fundi wa kuchapisha picha akuze hapo tu. Filamu kubwa haina aibu ukiikuza; kila kikunjo cha jicho kilitoka. Nikaitia kwenye fremu ya dhahabu, nikaifunga na gazeti. Nilifurahi kweli, nikajisifu kimoyomoyo mpaka Riruta.

Mama akaifungua, akaitazama, akaketi.

"Baba, umenizika."

"Ati nini?"

"Hii ndiyo ile hubebwa mbele ya jeneza. Kichwa na mabega, fremu ya dhahabu. Miguu yangu iko wapi? Si nilikuuliza, ukaniambia viatu vinaonekana?"

Damu ilinipanda. Nilitaka kumweleza mambo ya picha za uso na mwanga, lakini hakuwa ananigombeza. Aliilaza ile fremu kifudifudi mezani, polepole. Kwake mtu aliye hai hupigwa mzima, amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Na mimi nilijua! Wateja wangu wote niliwatoa hadi viatu bila kubishana, kwa sababu walilipa. Mama hakulipa, ndiyo maana nikamfanyia ujuaji. Aibu ilinishika, nikamwahidi nyingine kufikia Jumanne.

Nikamwambia fundi atoe mraba wote, asiguse kitu. Aliponikabidhi, ndipo nikaona nilichokuwa nimekosa nikiwa nimeukodolea macho uso wa mama tu. Hapo chini kwenye changarawe kulikuwa na kivuli changu, kichwa na viwiko viwili vimetokeza kama mikono ya sufuria, kimelala mpaka karibu na viatu vyake. Haiya! Hata aliyeanza kujifunza kazi jana anajua kivuli cha mpiga picha hakitakiwi kutoka. Nilijitukana, fundi akacheka mpaka akashika meza. Lakini Jumanne ni Jumanne, nikaipeleka hivyo hivyo.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akapitisha macho: koti, viatu, milango yote minane, tangi. Uso ukamkunjuka.

"Nitakata hapa chini kidogo tu," nikasema, nikimwonyesha kivuli kwa kidole. "Viatu vitabaki, naapa."

Akakiondoa kidole changu.

"Huyu si wewe?"

"Ni mimi. Ni kosa, mama."

"Kosa gani? Miaka hii yote unapiga watu, mimi na wewe hatujawahi kutoka pamoja hata siku moja." Akanisukumia nyundo aliyokuwa ameiweka tayari mezani. "Kata uone."

Nikaichukua nyundo, machozi yananilenga, nikamuuliza msumari anautaka wapi.