Ukelele Ulipigwa, Mimi Sikutoka

Ndugu Mhariri, jina langu lifiche, na kanisa langu pia lifiche, maana huku gazeti lenu moja husomwa na kijiji kizima. Mimi ni mchungaji, umri wangu miaka thelathini na minne. Nina mke na watoto watatu, na mkubwa wao ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Kwetu ni Ushetu. Kanisa lilinihamishia huku upande wa Tinde, mahali ambapo sina shangazi wala binamu, nina majirani tu. Na hao majirani sasa sinao.

Huku kuna mwano. Msioujua, ni ukelele wa hatari. Mtu akivamiwa au ng'ombe wake wakiibwa anaupiga, na kila mwanamume anayeusikia anaacha alichoshika, anachukua mkuki au rungu na kukimbia. Hakuna cha "nilikuwa nakula", hakuna cha "nilikuwa nasali". Jioni moja ulipigwa kwa jirani yangu, nitamwita Mzee Masanja ingawa silo jina lake. Wezi walikuwa wanaswaga ng'ombe wake. Niliusikia vizuri, sitawadanganya. Lakini mikononi nilikuwa na mwanangu mdogo, Yohana, degedege limempanda, macho yamegeuka, meno yamekazana. Mama yake alikuwa kisimani. Jamani, ningemwachia nani? Nilibaki naye, nikaomba kimyakimya mpaka mwili ukalegea akalala. Ng'ombe wa Mzee Masanja hawakuonekana tena.

Kesho yake wazee waliniita. Nikajieleza mpaka machozi yakanitoka. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akauliza polepole, "Mtoto alikuwa anakufa?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Mbona ukelele wako hatukuusikia?"

Hakungoja jibu langu.

"Ungepiga, wanawake wangekuja kumshika mtoto, nawe ungekwenda na wenzako. Au sisi mikono yetu haifai kumshika mtoto wa mchungaji?"

Basi, nikatengwa.

Nyie, kutengwa msikuombe. Mke wangu akifika kisimani, wanawake wanajitwika mitungi haijajaa na kuondoka. Binti yangu nikimtuma kaa la moto kwa jirani anarudi na kigae kitupu. Wenzake wakiwa wanacheza, yeye akisogea wanahamia pengine, naye anawafuata mbio akicheka, anadhani ndio mchezo wenyewe. Mimi nikitoa salamu ya asubuhi njiani, "Mwangaluka!", hata mbuzi hageuki. Na kinachonimaliza kabisa ni Jumapili. Wanakuja! Wanajaa, wanaimba, nikiomba wanaitikia "Amina" mpaka nyasi za paa zinatikisika. Nikisimama mlangoni kuwapa mkono, wanapita kana kwamba pale hakuna mtu. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Mle ndani tunamwitikia Mungu, siyo yeye."

Dawa yake ipo, na wazee waliitaja waziwazi: fahali mmoja na mitungi ya pombe, wale na kunywa uani kwangu, na mimi nionje wa kwanza. Fahali ninaye, hata leo namtoa. Pombe ndiyo ukuta wangu. Niliwaomba wanikubalie chai, tena yenye sukari ya kutosha. Mzee Masanja alicheka mpaka akakohoa, kisha akakumbuka kwamba hasemi nami, akageukia ukutani.

Nikapanda baiskeli hadi kwa mkubwa wetu wa kanisa. Akanijibu hata sijafuta vumbi: "Siku pombe itakapoingia uani kwako, vua kola na utoke kwenye nyumba ya kanisa. Mtegemee Bwana." Kumtegemea Bwana ni rahisi ukiwa na gari uani! Sikumwambia hivyo. Nilisema, "Ndiyo, Baba." Nyumba ni ya kanisa, shamba ni la kanisa. Nikitoka hapo na watoto hawa nawapeleka wapi?

Hata hivyo ningevumilia. Lakini mke wangu ana mimba ya miezi saba. Uzazi uliopita alitokwa damu mpaka tukajua tumempoteza, na aliyemrudisha ni Mama Masanja, mke wa mzee yule yule, mkunga wa eneo lote hili. Zahanati ni mbali, na mvua zikishaanza, huku mbugani hata baiskeli haipiti. Juzi mke wangu alikwenda akasimama nje ya boma lao na tumbo lake. Mama Masanja alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua macho. Akauambia ungo wake, "Huyo mtoto amekaa vibaya, nimeona kwa mwendo wa mama yake. Wangewapa wazee pombe yao upesi." Halafu akajifuta macho kwa kanga, akaendelea kupepeta.

Jana mke wangu alikuwa anachambua mboga, akaniuliza, "Baba Yohana, siku yangu ikifika utapiga ukelele?"

Nikamwambia nitapiga. Safari hii nitapiga mpaka koo lipasuke.

Akatupa jani bovu pembeni. "Na ukipigwa na mtu aliyetengwa, huwa wanakuja?"

Ndugu wasomaji, sikumjibu, kwa sababu sijui. Nimekaa huku miaka yote hii na sijawahi kumuuliza mtu, na sasa hakuna wa kumuuliza. Wachungaji wenzangu, wazee, kina mama mliowahi kuzalisha, nawapigieni magoti. Niionje ile pombe, nivuliwe kola na kulala nje na watoto, au niishike kola nimzike mama yao? Atakayenijibu anijibu mapema. Mawingu yameanza kukusanyika.