Mkutano wa Kuniondoa

Ujumbe wa mwaliko ulinikuta Jambiani, kijijini kwa mume wangu, nikimsaidia mama mkwe wangu kufunga kamba zake za mwani, na tangu nilipousoma sikuupenda. "Jumamosi na Jumapili tutakuwa na mafunzo ya kujenga umoja wa kikundi, Mji Mkongwe. Bi Harusi, usikose, tafadhali." Kilichonichoma ni ile tafadhali. Mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi kile. Nilikianzisha pale Kikwajuni na wenzangu wachache, kwa mifagio tuliyoichukua majumbani kwetu bila ruhusa, tukazibua mtaro uliokuwa ukifurika kila masika mpaka maji yanaingia vyumbani mwa watu. Mwenyekiti haombwi tafadhali aje kwenye kikundi chake mwenyewe.

Halafu, umoja gani huo unaohitaji kujengwa? Tangu niolewe ilikuwa imepita mwaka na ushei, na kweli sikuwa nikihudhuria kama zamani, lakini kila nilipopiga simu niliambiwa mambo mazuri. Siku zote mambo mazuri. Kikundi cha vijana kisichogombana hata siku moja kina jambo kinalolificha. Nikamwambia mume wangu, "Hawa wanataka kunipindua." Akacheka, akasema eti nimekuwa serikali. Sikucheka naye. Kile cheo ndicho kitu pekee changu kilichobaki mjini, na nilikwenda nimejiandaa kukipigania.

Nyumba waliyoichagua ni ya kale, ya ghorofa, ndani ya vichochoro vya Hurumzi. Baba wa mmoja wetu ndiye mwangalizi wake, naye alitupa ukumbi wa juu. Kutoka Kikwajuni mpaka hapo unafika andazi halijakwisha mkononi. Sasa kwa nini watu waondoke mtaani kwao waende kujifungia mahali pa karibu hivyo? Wangetaka kupumzika wangekwenda Chukwani wakapate upepo. Mimi jibu nilikuwa nalo: mambo ya kumwondoa mtu hayapangwi karibu na baraza ya mama yake.

Katibu alinipokea mlangoni. Msichana huyu nilimfundisha mwenyewe kuandika muhtasari, tena kwa taabu, maana alikuwa akiandika mpaka aliyepiga chafya. Alinikumbatia, akanipokea mkoba, akanitafutia kiti karibu na dirisha. Wenzangu wote walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka.

"Na mie ntakaa chini," nikamwambia.

"Aa, dada, kaa hapo pana upepo."

Nikakaa. Kutoka pale juu nilikuwa nikiwaona wote vizuri, na nikaona nyuso kadhaa nisizozijua. Wapiga kura wapya, nikajiambia.

Mwezeshaji alikuwa kijana mpole kutoka bara, mwenye makaratasi makubwa ya kubandika ukutani. Akatutaka tusimame duara, tushikane mikono. Wasichana wakatazamana, wavulana wakatazama dari. Mwishowe ikaletwa kamba, kila mtu akashika kipande chake, naye akasema kamba ni bora zaidi, hata yeye hakuwahi kuifikiria. Nilimpenda kwa hilo, lakini sikumwamini. Aliponiuliza mimi nani katika kikundi, katibu alinitangulia kujibu.

"Huyu ndiye aliyekianzisha."

Aliyekianzisha. Hakusema mwenyekiti wetu. Nikaliweka neno hilo moyoni na kuendelea kushika kamba.

Haukupita muda simu zikaita. Hazikuita mojamoja, ziliita kwa pamoja, ukumbi mzima, mlio wa ujumbe, na wote wakainama kusoma. Yangu ilikuwa mapajani, kimya. Nikaitazama labda imezimika. Haikuzimika. Kulikuwa na kundi la kwenye simu ambalo mimi simo.

"Kuna nini?" nikamuuliza msichana aliyekuwa karibu yangu, mmoja wa wale wapya.

"Hamna kitu, dada. Mambo ya kesho."

Jioni wasichana tulirudi majumbani kwetu kulala, kwani hakuna mzazi wa Kikwajuni ambaye angesikia habari ya binti yake kulala kwenye mafunzo. Mama alikuwa akichambua mchele. Nikamweleza yote, kiti, simu, yale maneno ya katibu, nikamwambia wanataka kuniondoa.

"Wakuondoe wapi?" akauliza, na akaendelea kuchambua mchele wake. Nikaona mama hajui siasa.

Asubuhi ya Jumapili mwezeshaji alituletea mchezo aliouita wa kuaminiana. Mmoja anafungwa macho kwa mtandio, mwenzake anamwongoza vichochoroni mpaka sokoni na kumrudisha. Mimi nikaangukia kwa katibu. Alinishika kiwiko taratibu kama ninayetoka hospitali. "Ngazi hapa, dada. Inua mguu. Pita kulia, pana vespa." Mji huu nimekulia, lakini ukifungwa macho kila ukuta unakuwa mgeni, na sikuipenda hali ya kumtegemea mtu niliyekuwa nikimshuku. Njiani akasimama. Nikasikia kandambili za mtu zikija, kisha mnong'ono.

"Lakini asijue."

"Hajui kitu."

Nilisimama pale na giza langu, watu wananiteta hatua moja kutoka sikioni. Nilitamani kuuvua ule mtandio niwaulize palepale, nikajizuia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikitunga hotuba. Ningewakumbusha ule mtaro wa kwanza. Ningewakumbusha nilivyochomwa na msumari mguuni na kesho yake nikaja kazini nikichechemea. Ningemuuliza katibu, mbele ya watu, nani alimshika mkono akamfundisha kuandika muhtasari.

Nilipofunguliwa macho tulikuwa ukumbini, na juu ya mikeka yalikuwa yameshapangwa masinia ya pilau. Wote wakanitazama wakicheka.

"Harusi yako ilikuwa shamba, hatukukufanyia kitu," katibu akasema. "Tukasema safari hii tumpikie. Tangu jana twaandikiana nani alete nyama, nani alete bizari."

"Hiyo ndiyo siri yenu?"

"Ndiyo hiyo."

Nilipaswa kuona haya, na kidogo niliona. Lakini moyo wangu haukukubali kushindwa upesi. Nikasema pilau hii ya kunilainisha, nikishashiba ndipo watakapolitoa la kutoa. Hotuba yangu nikaiweka tayari.

Wasichana tukakaa watano kwenye sinia moja, kila mtu na upande wake. Katibu akatafuta kipande kizuri cha nyama upande wake, akakisukuma mbele yangu. Aliyekuwa pembeni yake akasukuma chake. Yule mpya naye akasukuma. Hawakuambizana, wala hawakukatiza mazungumzo yao. Mikono ilikwenda yenyewe, kama tulivyofunzwa sote majumbani kwetu. Nikabaki na rundo la nyama mbele yangu na wao wakila wali. Zamani, tukitoka mtaroni, tulikuwa tukiporana nyama kwenye sinia kama hili. Katibu aliwahi kunipiga kibao cha mkono kwa ajili ya kipande cha mfupa, na tukacheka mpaka tukapaliwa. Wa nyumbani huporwa. Anayesukumiwa nyama ni mgeni.

Hotuba yote ikanitoka kichwani.

"Mnataka awe nani mwenyekiti?" nikauliza, na sauti ilitoka ndogo.

Wakaacha kutafuna. "Mwenyekiti wa nini, dada?" yule mpya akauliza, na nikaona kwamba kweli hajui.

Katibu ndiye aliyejibu, akiwa ametazama sinia. "Hatuna mwenyekiti sasa. Twenda kwa zamu. Kila mtaro una watu wake, wanaandikiana kwenye simu. Ulivyoondoka tulikaa tukikungoja. Kisha mvua ikaja."

Nilikuwa nimekuja kupambana na watu, na sasa sikuwa na wa kupambana naye. Hakuna aliyekitaka kile kiti. Walikiweka kando wakaendelea na kazi, na mitaro ilikuwa ikizibuka. Iliniuma kuliko kama wangenipindua.

"Basi nipeni na mie zamu," nikasema.

"Ya lini, dada?" Hakukuwa na kejeli hata chembe katika sauti yake, alikuwa akiuliza kweli, tayari kuniandika. "Sie mvua ikianza tu tunatoka, hata alfajiri. Huna haja ya kusubiri kuitwa, unachukua koleo unakwenda."

Nikahesabu kichwani: nikitoka Jambiani alfajiri, mpaka nifike Kikwajuni mvua imeshakatika na mtaro umeshazibuliwa. Walinisubiri, wote wanne, mikono yao imesimama juu ya sinia. Yule mpya akanihurumia. Akakiona kipande kimoja kilichosalia upande wake, akakisukuma kwangu.

"Kula, dada. Mbona huli?"

Nikakichukua, nikala, nikawaambia nyama imeiva vizuri, kama mgeni anavyosema.